Seva ibaki Malindi au iende winguni? Shajara ya mradi wetu wa usalama wa data

Jumanne, 13 Januari 2026

Mradi umeanza leo, siku moja baada ya sikukuu ya Mapinduzi. Kampuni yetu inauza kwa jumla dawa na vifaa vya hospitali. Ofisi kuu na ghala kubwa viko Malindi, Unguja. Ghala la pili liko Chake Chake, Pemba. Wateja ni maduka ya dawa na zahanati, kuanzia Mkokotoni na Makunduchi mpaka Konde na Micheweni. Kazi niliyokabidhiwa ni ya mstari mmoja: tununue seva mpya, yaani kompyuta kuu inayohifadhi data za ofisi, au tuhamie winguni, yaani kwenye mashine za kampuni nyengine tunazozifikia kwa intaneti, na ipi kati ya hizo ni salama zaidi kwetu.

Nimeanza kwa kuandika tunalinda nini, maana bila ya hapo mazungumzo yote yatakuwa ya bei. Juu kabisa nimeweka rejista ya bechi. Kila boksi la dawa linaloingia lina namba ya bechi, yaani fungu la dawa lililotengenezwa pamoja, na tarehe ya kwisha muda, na kila ankara inayotoka inaonesha bechi ipi imekwenda kwa nani. Ikitangazwa kuwa dawa fulani irejeshwe, inatupasa tujue ndani ya saa chache imefika zahanati zipi. Siku hiyo rejista ikikataa kufunguka, kuna mtoto Micheweni atameza dawa iliyotakiwa iwe imeshaondolewa rafuni. Mimi naifanya kazi hii kwa ajili hiyo. Baada ya rejista ndiyo yanakuja madeni ya wateja, kisha taarifa za wafanyakazi, kisha barua pepe.

Alhamisi, 15 Januari

Leo nimekaa na seva yenyewe. Imewekwa chumba cha nyuma cha nyumba ya kizamani, kuta nene za mawe na chokaa, dirisha moja linaloelekea bandarini. Kiyoyozi kipo, lakini jioni watu wakiondoka huzimwa ili kupunguza umeme.

Nimeizima baada ya saa za kazi nikafungua ubavu wake. Skrubu mbili zimeshika kutu, bisibisi inateleza tu. Ndani, feni ya nyuma imevaa utando wa kijivu, vumbi lililonata kwa unyevu wa chumvi, na kwenye ncha za shaba za vibao viwili mna madoa ya kijani. Juu ya kasha kumedondoka chokaa ya dari. UPS, kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, iko chini ya meza na betri yake imevimba hata kifuniko hakifungi. Diski ya nakala rudufu imechomekwa nyuma ya seva hiyo hiyo. Nilipoinyanyua, umbo lake limebaki mezani kwenye vumbi. Maana yake moto ukiingia chumbani, au mwizi, au virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa, vitaondoka na seva pamoja na nakala yake kwa mpigo mmoja.

Mfumo endeshi ni Windows Server 2012 R2. Microsoft waliacha kuutolea viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu, tarehe 10 Oktoba 2023, isipokuwa kwa wanaolipia nyongeza, na sisi hatulipii.

Halafu rauta. Fundi aliyeifunga zamani alifungua mlango wa mtandao namba 3389 ili aweze kuingia kwenye seva akiwa kwake, na umebaki wazi kwa dunia nzima. Nimefungua kumbukumbu za usalama za Windows nikachuja tukio namba 4625, yaani mtu kajaribu kuingia akakataliwa. Orodha inateremka haina mwisho: administrator, admin, user, test, reception, backup, kisha administrator tena, sekunde chache baina ya moja na nyengine, saa nane za usiku, saa tisa, alfajiri. Hakuna anayetulenga sisi wauza dawa wa Malindi. Ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikijaribu kila kitasa. Mlango nimeufunga hapo hapo na manenosiri ya wasimamizi nimeyabadilisha yote. Dalili ya aliyefanikiwa kuingia sijaiona, ila kwenye mashine isiyopata viraka kwa muda huo siwezi kuweka dhamana, na nimeliandika hivyo kwenye ripoti.

Jumatano, 21 Januari

Wiki hii nimesoma visa vya waliopatwa, wa seva zao wenyewe na wa winguni, nikitafuta kila mmoja alivunjikia wapi.

Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya viliingia Maersk, hawa hawa ambao makontena yao tunayaona bandarini hapa kila wiki. Vilipitia kwenye programu ya uhasibu inayotumika Ukraine. Seva zao za kusimamia utambulisho wa watumiaji zilikuwa nyingi, kila moja ikijinakili kwa mwenzake, na zote zikafutika pamoja. Ikapona moja, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashine haikuwa mtandaoni vilipopita virusi. Kampuni kubwa ya meli duniani ilijijenga upya kutoka kwenye mashine hiyo. Sisi tunaolalamikia umeme kila siku tuna la kujifunza hapo: nakala iliyokatwa na mtandao ndiyo iliyookoa, na ilikuwa bahati tu.

Juni 2014 kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikiwahifadhia watengeneza programu kazi zao kwenye wingu la Amazon, iliingiliwa kwenye paneli yake ya usimamizi. Aliyeingia alidai pesa. Walipojaribu kumtoa, akafuta karibu kila kitu, pamoja na nakala rudufu, kwani zote zilikuwa chini ya akaunti ile ile. Kampuni ikafunga.

Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 jengo la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua. Wateja waliodhani kwamba kitu kikishakuwa winguni basi kina nakala yake, wengi wao walipoteza walichokuwa nacho. Wingu nalo ni mashine ndani ya jengo, na jengo linaungua.

Mmoja alikuwa na seva zake, wawili walikuwa winguni, na shimo ni lile lile: nakala ilikuwa mahali pamoja na asili yake, au chini ya ufunguo mmoja. Kwa hiyo swali nililopewa limebadilika mkononi mwangu. Kabla ya kuuliza mashine ikae wapi, nauliza nani ana ufunguo, nani anaweka viraka usiku wa manane, na nani anaweza kurejesha rejista ya bechi mimi nikiwa sipo.

Jumanne, 27 Januari

Kikao na mwenye kampuni na mhasibu wetu. Mwenye kampuni ni mzee wa makamo ya babangu mdogo, na sote ofisini tunamwita ami. Aliisikiliza ripoti ya chumba cha nyuma mpaka mwisho bila kunikata.

"Mwanangu, hayo ya kutu nimeyafahamu," alisema. "Lakini mimi sitaki daftari la mali yangu likae kwa mtu nisiyemjua, nchi nisiyoijua, nikigombana naye sijui nishtaki wapi."

Hoja hiyo ni nzito na nimeiandika kama alivyoisema. Akaongeza jengine: anaikumbuka Mei 2008, kebo ya umeme ya chini ya bahari ilipoharibika na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima, kisha tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Wakati ule umeme wote wa kisiwa ulipita kwenye kebo moja, ya mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Kebo ya pili, ya megawati 100, ilikuja 2013. "Miezi mitatu tuliuza kwa karatasi na karabai," alisema, "na hatukupoteza hata ankara moja."

Mhasibu akaingia hapo: "Ami, karatasi zile tulizihesabu sisi mpaka Shaabani. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini na daftari moja nalo likiloa tumekwisha."

Yeye hofu yake ni intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja kwenye bahari ya Afrika Kusini, na hapa tukakaa siku kadhaa barua pepe inafunguka kwa kudra. Mwisho wa Oktoba 2025, kuanzia siku ya uchaguzi, intaneti ilikatika nchini mpaka mwanzoni mwa Novemba. Siku hizo zote dawa ziliendelea kuuzwa, kwa sababu programu ya mauzo iko kwenye seva ya chumba cha nyuma. "Ungekuwa umeshaihamisha," aliniuliza, "ningempa nini yule wa zahanati aliyekuja kufuata insulini?"

Sina jawabu la kuliepuka swali hilo. Kitu chochote kinachohitajika ili dawa itoke ghalani lazima kifanye kazi waya ukiwa umekatika. Nimelipigia mstari.

Jumatano, 4 Februari

Nimeandika haya Chake Chake. Nilivuka na boti ya asubuhi mpaka Mkoani, halafu gari ya abiria.

Ghala la Chake linafanya kazi kwa namna ambayo Malindi hatukuijua vizuri. Mlinzi wa stoki huandika ankara kwenye kitabu cha nakala tatu, huipiga picha, huituma kwa WhatsApp, na mhasibu wa Malindi huiingiza kwenye programu pale anapopata nafasi. Nimekaa naye kaunta nikitazama. Mteja wa Konde amechukua maboksi ya paracetamol ya watoto ya bechi mbili tofauti. Mlinzi ameziandika zote mbili kwa kalamu, herufi kubwa zinazosomeka, kisha kwenye picha kidole gumba kikafunika tarakimu mbili za mwisho za bechi ya pili. Nilimwonesha simu.

"Yakhe," alisema, "kitabu ninacho hapa. Wakitaka wanipigie."

Kitabu anacho, kweli, na nimekikuta kimetunzwa vizuri kuliko faili lolote la kompyuta ya Malindi. Lakini kwa saa zile rejista kuu haijui bechi ile imekwenda Konde. Usalama wa data tunauzungumza sana kama kuzuia wezi, na hapa kuna data inayopotea mchana kweupe bila ya mwizi yeyote.

Kuna faida kubwa Chake ambayo imenifungua macho. Umeme wa Pemba hauji kwa njia ya Unguja. Zamani walitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na tangu 2010 wana kebo yao wenyewe ya chini ya bahari kutoka Tanga. Kisiwa chengine, kebo nyengine, jengo jengine, watu wengine. Nakala ya pili tunayoitafuta nje ya nchi tunayo mahali pa kuiweka, na ni petu.

Jumatano, 11 Februari

Siku za kuongea na wauzaji wa huduma za wingu. Wote wanaanza na sentensi moja, kwamba wingu ni salama. Nimejifunza kuwauliza: kipande gani ni chako na kipande gani ni changu?

Mgawanyo wenyewe hauna siri, wameuandika kwenye nyaraka zao. Mtoa huduma anabeba jengo, umeme, walinzi, diski zinazokufa, na mashine za chini kabisa. Sisi tunabaki na akaunti, manenosiri, nani aone nini, na data zetu. Ni sawa na kupanga chumba kwenye jumba lenye walinzi wa getini: mlinzi hataingia kukufungia mlango wako uliouacha wazi. Akaunti ya msimamizi yenye nenosiri dhaifu winguni ni hatari ile ile ya mlango wa 3389.

Lakini kwa barua pepe nimeshaamua moyoni. Kuendesha seva ya barua pepe nyumbani ni kazi ya mtu mzima mmoja: kuchuja taka, kuweka viraka siku vinapotoka, kuangalia kumbukumbu. Sisi mtu huyo ni mimi peke yangu na nina kazi nyengine saba. Walioko kule wana vikosi vya watu wanaofanya hilo usiku na mchana. Kudai kwamba chumba chetu cha nyuma kitawashinda ni kujidanganya.

Kuhusu hofu ya ami juu ya nchi asiyoijua: tunaweza kuchagua data zikae wapi. Microsoft wana vituo Afrika Kusini tangu 2019, Amazon wana Cape Town tangu 2020, na kwenye Amazon eneo hilo huwa limezimwa mpaka mteja aliwashe mwenyewe, kwa hiyo asiyeangalia anaweza kujikuta data zake ziko Ulaya au Marekani. Upande wa sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kwa Zanzibar sheria yenyewe inaacha nje mambo yasiyo ya Muungano. Hapo ni kazi ya mwanasheria. Nimempelekea orodha ya taarifa tulizonazo za wafanyakazi na wateja atuambie zipi zinaguswa.

Tena, nakala yoyote itakayotoka nje ya nyumba hii itafungwa kwa msimbo kabla haijatoka, na ufunguo tunabaki nao sisi. Nilipomweleza ami kwamba hao wa Cape Town watabeba sanduku wasiloweza kulifungua, alikubali kwa mara ya kwanza.

Jumatatu, 16 Februari

Vipimo. Data zote ni gigabaiti 400 hivi, nyingi zikiwa ni ankara zilizoskaniwa. Laini yetu inapandisha megabiti 10 kwa sekunde kwa siku nzuri. Gigabaiti 400 ni megabiti milioni 3.2, gawa kwa 10, unapata sekunde 320,000, sawa na saa 89. Karibu siku nne mchana na usiku, na laini isikatike. Diski ndani ya mkoba kwenye boti ya Mkoani inaishinda laini hiyo kwa mbali.

Kurejesha ni nafuu kidogo kwa vile kuteremsha tunapata megabiti 40: saa 22. Hata hivyo ni siku nzima ya ghala kufungwa. Basi nimetenganisha. Rejista ya bechi, stoki na madeni, hifadhidata yenyewe bila ya picha, ni gigabaiti 6 tu. Hiyo inateremka kwa dakika 20. Kwa hiyo tunainakili peke yake, mara nyingi zaidi, na ndiyo inayorudi mwanzo.

Nikajaribu pia kuiweka programu ya mauzo iliyopo kwenye mashine ya Cape Town. Haifai. Ni programu ya zamani, ripoti moja ya stoki inaiuliza seva maswali elfu mbili, moja baada ya jengine. Ndani ya nyumba kila jibu linarudi kwa chini ya milisekunde moja na mtu hahisi kitu. Kwa milisekunde 60 za kwenda Cape Town na kurudi, maswali elfu mbili ni dakika mbili kamili. Mhasibu aliitazama skrini, akanitazama mimi, akaenda kusali adhuhuri. Aliporudi ripoti ilikuwa imeshafunguka.

Jumanne, 3 Machi

Ramadhani, saa za kazi fupi, nikautumia muda kwa jambo lisilohitaji mashine mpya: uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mwenye akaunti. Nimekaa na kila mtu mmoja mmoja. Nenosiri likiibwa, aliyeiba anakwama hatua ya pili. Wengi wameweka kwenye simu programu inayotoa tarakimu za kuthibitishia. Msimbo wa meseji nimeuacha makusudi, maana laini ya simu inaweza kuhamishiwa kwa mtu mwengine.

Muuzaji wetu wa kaunta ana kitochi na hana haja ya simu kubwa, na sioni kwa nini kazi imlazimishe anunue. Tumemwagizia ufunguo mdogo wa USB wa kuthibitishia, anauvaa shingoni pamoja na kitambulisho. Kwa kweli yeye sasa ndiye mwenye kinga bora ofisini, kwani ufunguo ule haukubali kufanya kazi kwenye tovuti ya uongo iliyojifanya yetu.

Jumatano, 11 Machi

Uamuzi umepitishwa. Nauandika kwa urefu ili atakayekuja baada yangu ajue sababu.

Barua pepe na nyaraka za ofisi zinakwenda winguni. Hazihitajiki ili dawa itoke ghalani, na hatuna uwezo wa kuzilinda vizuri kuliko wao.

Mauzo, stoki na rejista ya bechi vinabaki visiwani, lakini si kwenye mashine moja. Tunanunua mbili ndogo zisizo na feni, zenye diski zisizozunguka, kwa ajili ya chumvi. Moja Malindi, moja Chake. Programu tunahamia toleo linalotumia hifadhidata ya kweli. Chake wataingiza ankara zao wenyewe kaunta, kwa mfululizo wao wa namba, na mashine mbili zitapeana habari kila laini ikiwepo, kupitia njia ya faragha iliyofungwa kwa msimbo. Hakuna mlango wowote ulio wazi kwa dunia. Laini ikikatika kila kisiwa kinaendelea kuuza, na ikirudi vinaoanishwa.

Nakala rudufu ya hifadhidata inakwenda Cape Town kila usiku, ikiwa imefungwa, kwenye hifadhi yenye kufuli la siku 30: ndani ya muda huo hakuna anayeweza kuifuta, hata mimi, hata aliyeiba akaunti yangu. Code Spaces wangekuwa na kufuli namna hiyo wangekuwepo leo. Mbali na hiyo, diski inavuka na boti kila wiki ikiwa kwenye kisanduku chenye kufuli, inakaa Chake imechomolewa, na ya wiki iliyopita inarudi. Hiyo ni ya siku ambayo intaneti haipo kabisa.

Ami aliuliza kipi kimeshinda, wingu au seva. Nikamwambia ami, kila kazi tumeipeleka pale ambapo tunaweza kuilinda. Akatia saini.

Gharama ni kubwa kuliko kununua seva moja mpya na kuiweka pale pale. Nimeitetea mbele ya kikao na nitaitetea tena mwakani.

Jumamosi, 28 Machi

Jaribio la kurejesha. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa siihesabu kuwa ni nakala.

Tulijifanya chumba cha nyuma kimeungua. Kompyuta mpakato tupu mezani, hakuna kugusa kitu chochote cha Malindi. Mhasibu alichagua bechi moja ya amoxicillin ya maji bila kuniambia. Kuteremsha hifadhidata kutoka Cape Town kulichukua zaidi kidogo ya nusu saa, laini ikiwa na kazi nyengine. Kisha tukakwama: ufunguo wa kufungulia umo kwenye bahasha, bahasha imo ndani ya sefu, na sefu anaifungua ami peke yake, naye alikuwa kwenye maziko shamba, simu haipatikani. Tulimsubiri mpaka akarudi. Muda wote huo rejista ilikuwa mbele yetu, imefika salama, na haifunguki.

Alipofika na bahasha ikachanwa, dakika chache baadaye mhasibu aliandika namba ya bechi na orodha ikatoka: maduka matano na zahanati mbili, idadi ya chupa kwa kila mmoja, tarehe, mojawapo ikiwa Micheweni. Alichukua faili la karatasi akalinganisha mstari kwa mstari. Imelingana yote. Sikuficha furaha yangu na yeye hakuficha yake.

Bahasha ya pili imeandikwa na kutiwa lakiri leo leo. Itakaa kwenye sefu ya Chake, na kuifungua kunahitaji watu wawili kutia saini.

Alhamisi, 9 Aprili

Masika yamekaza, na mashine ya Chake imevuka ndani ya mfuko wa plastiki maradufu. Imefungwa, inafanya kazi. Mlinzi wa stoki anaingiza ankara mwenyewe. Kitabu cha nakala tatu nimemwomba asikiache, kibaki kaunta kwa siku ambayo kila kitu kimezimika. Ankara ya kwanza aliyoiingiza ilionekana Malindi kabla mteja hajafunga kamba maboksi yake.

Seva ya zamani imezimwa. Diski zake nimezitoa, zimefungiwa, zitafutwa kisha zitatobolewa baada ya hesabu za robo mwaka kufungwa.

Yaliyobaki ni haya. Huduma ya wingu inalipwa kwa dola kupitia kadi ya benki ya kampuni. Kadi ikiisha muda, onyo linakuja kwa barua pepe ambayo nayo imo ndani ya huduma hiyo hiyo. Tumeomba onyo liende pia kwa simu ya mhasibu na kwa anwani nyengine ya nje. Mtoa huduma bado hajatujibu kwa maandishi data zitabaki muda gani baada ya malipo kukwama, na sitaifunga kazi hii mpaka jibu hilo lifike. Mwanasheria naye bado.

Jaribio lijalo la kurejesha litafanyika Chake, mwezi wa Juni. Watalifanya mhasibu na mlinzi wa stoki, kwa kufuata karatasi ya maelekezo tu, na mimi sitagusa kibodi.